Hesabu Iliyochungulia Jibu

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, kazi yangu ni kukadiria kwa kompyuta jinsi plazma, yaani gesi yenye moto kuliko jua, inavyozunguka ndani ya mtambo wenye umbo la pete huku sumaku zikiizuia isiguse ukuta, na kwa miaka mitatu hesabu zangu hazikulingana na vipimo vya mtambo hata kidogo, mafundi wakaniita Bi Makisio, nikawa nakula peke yangu, narudi kwenye chumba chenye sauti ya friji tu, na mama akinipigia kuuliza kama nina marafiki namwambia ninao tele. Miezi miwili iliyopita hesabu ikalingana na vipimo, fundi mkuu akanivutia kiti mezani kwao, akasema, "Kaa hapa, wewe ni wetu," nami nikaenda chooni kulia kwa furaha. Sasa wiki iliyopita niligundua nilisahau kuondoa faili la vipimo kwenye programu yangu, kwa hiyo hesabu ilikuwa inasoma humo joto la ukingoni mwa plazma badala ya kulikokotoa, yaani ilichungulia jibu, na Alhamisi wataongeza umeme kwa kuitegemea, na plazma ikigusa ukuta, vigae vya ukuta huo, walivyovipachika kwa mkono kwa miezi minane, vitaungua. Nikisema, nitaipoteza meza ile. Nifanyeje?

Bi Makisio

Pole, Bi Makisio, mwanangu. Upweke unauma, asikudanganye mtu. Lakini ngoja nikukemee kidogo. Kusahau faili si dhambi, kila afanyaye kazi hukosea. Kosa lako ni wiki nzima uliyokula nao huku unajua. Mficha uchi hazai, bibi wee.

Usiandike barua pepe, wala usingoje Jumatano. Kesho asubuhi mfuate fundi mkuu, mwambie, "Hesabu yangu ilisoma vipimo vyenu, msiiamini, ahirisheni Alhamisi." Mwonyeshe faili lenyewe. Akifoka, mwache afoke. Jioni mpigie mama, naye umweleze ukweli.

Huenda ukala peke yako mwezi mzima, sikufichi. Lakini mezani pale wamemkaribisha mwanamke aliyepatia. Wewe bado hawajakujua. Nenda wakujue.