Kuti Lisilotoa Moshi

Kuwait, Jumatatu

Kwa wifi yangu Munira,

Salamu nyingi zikufikie huko Muharraq. Magoti yanasemaje? Na mumeo, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, ila macho yamechoka, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Juzi Dalal, mjukuu wa marehemu dada yangu, alinipeleka makumbusho ya bahari. Yale majahazi ya kuzamia lulu wameyapaka mafuta, yanang'aa kuliko enzi zetu. Maghala tuliyokuwa tukiyapita tumeziba pua sasa yana baridi ya mashine na humo wanauza kahawa. Nikasema kwa sauti kwamba wamesahau kuweka uvundo. Dalal akanisihi nifunge mdomo kabla hatujafukuzwa.

Ukutani kuna picha yetu, ya siku ile tuliyokwenda kuichapa bahari kwa makuti yanayowaka ili iwarudishe wazamiaji wetu. Wewe uko mbele, umeng'ang'ania kuti mpaka moto unakulamba vidole. Mimi niko nyuma yako, na kuti langu halitoi moshi. Kijana anayetembeza wageni akawaeleza kuwa yule bibi harusi mdogo, yaani mimi, alilia hadi machozi yakazima moto. Mama mmoja akajifuta macho. Dalal alivimba kichwa, akaapa kwamba ukija Idi atakupeleka ukaione.

Ndiyo maana naandika. Bora ukweli uusikie kwangu.

Kuti langu nililizima mwenyewe, Munira. Nililichovya majini mkiwa mmenipa mgongo. Kaka yako Ghanim hakunikosea hata neno. Wiki tatu tulizokaa pamoja alikuwa akingoja nishibe ndipo ale yeye. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minne, na akiwa baharini niliruhusiwa kulala kwa mama. Sikutaka afe. Nilitaka achelewe tu, mwezi mmoja.

Chombo kiliporudi bila yeye, ulinikumbatia ukasema tulifanya kila tuliloweza. Nikanyamaza, miaka hamsini na sita. Watu wakanisifu kwa kutoolewa tena, nikawaacha wanisifu. Akili inajua bahari haisikii, lakini moyo umekataa kabisa kuamini hivyo. Naona aibu, na bado namlilia.

Malimau makavu uliyoagiza yako tayari. Usipokuja Idi nitaelewa, nitamtuma Dalal akuletee. Nisalimie watoto wote, na mumeo asiache dawa.

Ni mimi,
Sabika, mjane wa kaka yako