Bosco amesikia Kijaluo

Cele, nimefanya kitu cha aibu.

Unajua Bosco tunamwamrisha kwa Kiingereza tu. Kwa hiyo nilipompigia Owiti aje amchukue ampeleke kijijini Katito, niliongea Kijaluo, mbwa mwenyewe akiwa miguuni pangu. Nikasema amezeeka, hana kazi tena.

Akainuka, Cele. Akaburuta blanketi lake hadi getini, akalilalia.

Mama akaniangalia. "Mhadhiri mzima! Kwani unafikiri mimi nashinda hapa nikimsemesha Kizungu?"

Sisemi alielewa. Huenda ni sauti yangu tu. Lakini blanketi, Cele. Blanketi!

Owiti amefika na pikapu. Bosco amepanda bila kuitwa. Nimemwambia Owiti arudi peke yake, nikamwita Bosco, nikambembeleza.

Hataki kushuka.