Maziwa Aliyoyabana Ndaga

Tata, baba yangu,

Ugonile? Umelala salama? Najua barua hii haina posta ya kuifikisha huko uliko, na wala sitapoteza hela ya stempu. Nimeandika hivyo hivyo kwa sababu kuna habari ya nyumbani inayokuhusu, na nimechoka kuimeza peke yangu. Wengine wakiisoma, waisome tu. Hakuna nyumba hapa Kisondela ambayo haijawahi kufiwa.

Habari yenyewe ni ya Ndaga, ng'ombe wako.

Lakini kwanza nikukumbushe siku niliyorudi kutoka Mbeya. Nilishuka na begi moja, godoro limekunjwa juu ya basi. Kiwanda kilikuwa kimepata mwenyewe mpya, na huyo mwenyewe mpya hakuwa na haja na wengi wetu. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya uongo: nimekuja likizo, nimekuja kupumzisha kifua. Wewe ukanipokea begi, ukauliza, "Umekula?" Basi. Hukuuliza godoro la nini, na mtu haendi likizo na godoro.

Kesho yake alfajiri nilikuja bandani na mzigo wa majani, manyunyu yanatunyeshea kama kawaida yetu, nikakusikia unaongea. Nikadhani una mgeni. Kumbe unamwambia ng'ombe. "Ndaga, Tumpe amerudi. Kazi imekwisha huko. Basi leo utoe na kikombe chake." Ukakamua kidogo, ukaongeza, "Tena usimwonyeshe kuwa tunajua. Atasema mwenyewe." Nilisimama nyuma ya banda na majani kichwani mpaka shingo ikaniuma. Ule uongo wote niliutupa palepale, na chai ya asubuhi hiyo niliinywa bila aibu.

Ndivyo ulivyokuwa. Mambo uliyoshindwa kutuambia usoni uliyasema bandani. Ukishamaliza kuosha kiwele kwa maji ya moto, ndama akishanyonya kidogo na kufungwa pembeni, unaanza taarifa ya habari: bei ya majani ya chai, mchungaji kahubiri nini, nani kaoa na kwa ng'ombe wangapi, na ile sabuni tuliyoipangia foleni miaka ile, sasa imejaa madukani Tukuyu na mifuko ya watu ndiyo mitupu. Mama alikuwa anacheka kule jikoni. "Mume wangu ana mke mwingine," alisema, "tena wa miguu minne."

Siku moja nilikuuliza kama kweli ng'ombe anaelewa. Ulinitazama kwa huruma, jamani, mimi niliyesoma mpaka sekondari.

"Maneno haelewi," ukasema. "Anaelewa kama nipo. Ukikaa hapa, Tumpe, kaa hapa. Mikono ikiwa hapa na wewe uko Mbeya, anabana maziwa."

Nikacheka, nikaenda kuchota maji. Sikujua kuwa ulikuwa unanifundisha kitu.

Kisha ukafa, tata. Leo naliandika wazi neno hilo, ingawa kwa muda mrefu halikunitoka mdomoni. Ulilalamika kichwa, ukakaa kwenye kiti cha mlangoni, na kabla baba mdogo Ambakisye hajapata gari la kukupeleka hospitali, ulikuwa umeshaondoka. Tulikuzika migombani karibu na nyumba. Watu walijaa mpaka barabarani, nawe usingeamini jinsi ulivyopendwa. Wanawake walilia, wanaume walilia. Mimi nilipika. Nilipika, nikasugua masufuria, nikahangaika na kuni mbichi, macho makavu. Nasikia shangazi mmoja alisema, "Huyu wa mjini moyo wake jiwe." Nilitaka kumjibu, unajua mdomo wangu. Nikamwongezea ndizi kwenye sahani.

Na waliokuja, wote walikuja wanajua. Wengine walianza kulia tangu njiani, wengine walinishika mkono wakasema pole, jipe moyo. Jipe moyo! Unauzwa soko gani huo? Hakuna hata mmoja aliyehitaji mimi nimwambie kilichotokea, nami nikaona heri, nikaendelea na masufuria yangu.

Siku za msiba tulimwacha ndama anyonye maziwa yote. Watu walipotawanyika ilibidi mtu akamue, maana maziwa ndiyo yanayotununulia chumvi na dawa ya mama. Mikono ya mama imekakamaa kwa baridi yabisi, unaijua. Baba mdogo akasema mwanamke hakamui, tangu enzi na enzi kazi hiyo ni ya wanaume. Nikamjibu, "Basi mwanamume wa nyumba hii yuko migombani, kamwamshe." Lilikuwa neno kali. Aligeuka akarudi kwake, pale jirani, kichwa chini.

Ng'ombe wako alinitesa, tata. Kila alfajiri akisikia hatua zangu alilia, ile sauti ndefu, halafu akiona ni mimi ananyamaza na kugeuzia uso kwenye hori. Nilimwosha kama ulivyomwosha, nikapaka mafuta, ndama akaanza kunyonya. Nikishika mimi, vijitone viwili vitatu, kwisha. Nikamwimbia nyimbo za kwaya. Nikamletea pumba za kuongeza. Nikavaa koti lako, lile la mvua linalonuka banda, nikasema hapa nimempata. Alilinusa begani, akalinusa mkono mzima, kisha akageuka akatazama mlangoni, akingoja mwenye koti aingie. Siku hiyo sikupata hata kijiko. Nililivua nikalitundika jikoni, sikulivaa tena.

Tukamlipa kijana mmoja anayekamua kwa watu. Alipigwa teke la paja, akaondoka anachechemea na kutukana. Bwana mifugo akaja, akapapasa kiwele, akatikisa kichwa. Maziwa yakiendelea kubaki ndani, alisema, kiwele kitaugua, na hapo hamna ng'ombe tena.

Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni. "Auzwe akingali mzima," akasema. "Siku hizi wanunuzi wanafika mpaka mlangoni. Jumamosi namleta mmoja."

"Ndaga wa tata aende bucha?"

"Ni ng'ombe, Tumpe. Si mtu."

Mama alinitazama tu, na nikajua ananiachia mimi. Wewe ulikuwa umeondoka bila kuaga, na sasa kitu pekee kilichokuwa bado kinakungoja asubuhi kilikuwa kinakwenda kuchinjwa. Niliona nikishindwa hili nitakuwa nimekuzika mara ya pili.

Ijumaa alfajiri niliingia bandani sina mbinu iliyobaki. Nikaweka ndoo, nikakaa kwenye kigoda chako, nikaegemeza paji la uso kwenye ubavu wake. Nilichoka, tata. Mawazo yalikuwa yanakimbia kama kawaida: Jumamosi, mnunuzi, kazi ya Mbeya, dawa ya mama. Ndipo maneno yako yakanijia. Ukikaa hapa, kaa hapa. Basi nikajaribu kukaa. Sikushika chuchu. Nilisikiliza mvua juu ya bati. Nilisikia joto lake kwenye ngozi ya uso wangu, na pumzi yake inavyopanda na kushuka, taratibu, wala haina haraka na Jumamosi. Muda ukapita, nami nikajikuta napumua naye. Kila wazo lilipokuja nililiacha lipite, narudi kwenye ubavu ule. Nilikaa hapo muda mrefu mpaka miguu ikafa ganzi.

Halafu, sijui ilitoka wapi, nikagundua jambo ambalo nyumba nzima tulilisahau. Wewe ulimwambia huyu kila kitu. Aliyeoa, aliyezaa, bei ya chai, binti yako kuachishwa kazi. Na hili hakuna aliyemwambia.

Nikasema, "Ndaga, tata amekufa."

Tata, ndiyo mara ya kwanza nililisema. Nililisikia likitoka kinywani mwangu, sauti yangu mwenyewe, na nikaliamini. Nililia. Si kilio cha adabu, nililia mpaka kamasi, nimeng'ang'ania ubavu wa ng'ombe, namwambia kiti cha mlangoni, gari lililochelewa, watu walivyojaa, ndizi nilizomwongezea shangazi. Mikono ikaenda yenyewe. Na maziwa yakaanza kupiga ndoo, chwaa, chwaa, mpaka povu likapanda. Sikumwona mama alipokuja. Nilipoinua uso alikuwa amesimama kwenye tope na khanga kichwani, analia nami.

Sitaki mtu aseme ng'ombe alielewa msiba. Mimi nadhani alielewa kuwa safari hii nilikuwepo.

Jumamosi baba mdogo akaja na mnunuzi, kijana wa mjini mwenye buti za mpira na kamba begani. Walinikuta katikati ya kazi, ndoo imefika nusu. Baba mdogo akasimama mlangoni, kivuli chake kikatufunika, na Ndaga akaanza kubana.

"Baba mdogo, kaa," nikasema bila kugeuka. "Ukisimama hivyo atanyima."

Nilidhani atafoka. Alikaa kwenye debe la pumba. Nikaendelea kumsimulia Ndaga habari zangu kwa sauti ya chini, kwamba leo mvua imepungua na mama amelala vizuri. Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta kamasi. Nikageuka. Baba mdogo Ambakisye, yule anayekemea mpaka wazee wa kanisa, alikuwa anajifuta macho kwa kofia.

"Nyumba yangu iko hapo tu," akasema. "Kila alfajiri huyu akianza kulia, nasikia anamwita kaka. Kila alfajiri naamka nikidhani kaka kachelewa kuamka. Nimeshindwa, Tumpe. Nilisema akiondoka huyu, nitalala."

Nje mnunuzi akakohoa. "Mzee, tunafanya biashara au tunanyeshewa?"

"Nenda salama, kijana," baba mdogo akasema. "Hauzwi."

Sasa hivi, tata, nakamua mimi. Sirudi Mbeya kutafuta kazi. Nimeamua, na moyo umetulia. Wajane wawili wa kule bondeni wamekuja niwafundishe kukamua, na mke wa jirani ambaye mumewe yuko kwenye mashamba ya chai wiki nzima. Wazee wanaguna, wacha wagune, chai ya maziwa wanainywa. Nawafundisha kuosha, kupaka mafuta, na kukaa. Hilo la mwisho ndilo gumu kwao, kama lilivyokuwa kwangu. Siku nyingine nakukumbuka natabasamu, siku nyingine huzuni inanishika njia ya kisimani na kuniachia njia ya kurudi. Sipambani nayo tena. Ikija naiacha ikae mpaka iondoke yenyewe.

Wiki iliyopita baba mdogo alikuja jioni, akazunguka zunguka, akasifia majani, akauliza habari za ndama. Nikamwona ana jambo.

"Jioni," akasema mwishowe, "ningeweza kukamua mimi?"

Nikampa ndoo. Akasita mlangoni. "Nimwambie nini?"

"Ukweli tu, baba mdogo."

Nilitakiwa niondoke, nimwache na mambo yake. Nilisimama nyuma ya ukuta, nisamehe, ni tabia nimerithi nyumba hii. Nilimchungulia kwenye ufa, anaosha kiwele, anakipaka mafuta. Kisha akakohoa, akavua kofia yake, nikamsikia anasema polepole, kwa heshima, kama mtu anayejitambulisha ugenini: "Ndaga. Mimi ni mdogo wake."

Pumzika, tata. Huku tunajitahidi kuwepo.

Binti yako,
Tumpe