Ua la Marakuja Lililoliwa na Kiwavi

Bibi,

Juzi Juma alikuja kwetu Kagarama na mfuko mdogo mkononi, anatabasamu peke yake tangu getini. Juma ndiye anayenioa. Humfahamu, alikuja baada yako. Akatoa kofia mfukoni. "Mwamini, nimeiona hii Nyamirambo nikasema, hii ndiyo ya siku ya ndoa. Si iko nzuri?" Nikaipokea, nikaigeuza, na pale juu nikaona ua langu la marakuja, limeshonwa kwa mashine, kwa uzi wa dhahabu. Nikasema asante. Kisha nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo hata sikuwa nimeibandika.

Nimekasirika, Bibi. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyenikasirisha, na wengine wote nimeshagombana nao. Mama anasema marehemu hasemwi. Mimi sikusemi, nasema nawe.

Unakumbuka likizo ile ndefu? Mama alinileta kwako Nyamirambo kwa sababu kazi yake ya Muhima haikumwachia nafasi ya kukaa na mtoto wa miaka minane anayelia kila akiambiwa azime televisheni. Ulinitazama kutoka juu mpaka chini, ukamwambia, "Mwache tu. Huku televisheni hakuna." Nilikuchukia siku nzima.

Asubuhi, ukishasali, ulivaa kandambili zako ukanishika mkono, tukapanda njia ya mlimani kabla jua halijawa kali. Nilidhani tunakwenda kwa mtu. Kumbe tunakwenda kuangalia utando wa buibui. Ulichuchumaa mbele yake kama mtu anayesoma gazeti, nami nikachuchumaa kwa kukosa la kufanya. Nikaomba penseli, ukakataa. Ulikuwa na sheria yako: mlimani hatuchori, tunaangalia. Tukirudi nyumbani unanipa kipande cha mkaa, nachora kwenye saruji ya uani, halafu unamwaga maji juu yake, chwaa, bila huruma. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, nachora tena. Kilichobaki kichwani baada ya kulala ndicho kilichostahili kitambaa cha kofia. Vingine, ulisema, vilikuwa vinapita tu.

Hivyo ndivyo ulivyotunga kofia zako miaka yote. Wanaume wa mtaa mzima walikwenda msikitini wamevaa majani ya mlima vichwani na hawakujua. Yule mzee wa duka la mchele, mwenye kujiona sana, alivaa msafara wa siafu. Uliniambia nisicheke mbele yake, kisha ukacheka wewe.

Lakini ua letu hatukulipata mlimani. Lilikuwa nyuma ya choo, kwenye ule mmarakuja uliotambaa ukutani na kunywa maji ya kufulia. Uliniinamisha ili nilione kutoka juu. Petali pande zote, kisha zile nyuzi nyembamba za zambarau zinazozunguka, duara ndani ya duara, kama lilipimwa kwa kichwa cha mtu. Petali moja ilikuwa imeliwa nusu. Kiwavi mwenyewe alikuwa bado yupo, amenona. Nikavua ndara nimpige.

"Sha, mwache! Naye iko anakunywa chai."

Nilipochora uani, nilichora petali zote nzima. Shuleni ua lilikuwa hivyo. Ukamwaga maji kabla sijamaliza. "Rudi uangarie tena. Maua iko vile iko." Nililia, Bibi, nililia kwelikweli, nikarudi nyuma ya choo na kamasi zangu, nikaangalia. Na nakwambia sijawahi kuona kitu tena maishani kama nilivyoliona jeraha lile la petali, ule ukingo wake uliotafunwa, mdogo mdogo.

Siku chache baadaye ukanipa penseli na kitambaa cheupe. Nilichora mimi, ukashona wewe. Ulitoboa tundu kwa sindano nene, ukalizungushia uzi mweupe, ukaenda jingine, tundu baada ya tundu, likizo yote. Ulipofika penye petali iliyoliwa hukutoboa. Uliacha kitambaa kitupu. Jirani mmoja aliyekuja kuchukua kofia za kuuza alitaka kununua na ile yetu, ukaivuta. "Hii haiuzwi. Iko ya bwana wa huyu. Atamvarisha mwenyewe siku ya ndoa." Nikasema mimi siolewi. Ukasema basi kofia itangoja. Ukaikunja, ukaiweka ndani ya sanduku lako, chini kabisa, chini ya sanda uliyokwisha kujinunulia.

Siku uliyofariki, Mama alinituma nifungue sanduku nilete sanda. Ilikuwepo, inanukia ubani. Niliiinua, na chini yake hapakuwa na kitu. Nikasimama pale na sanda yako mikononi, watu wananiita, maji ya kukuosha yameshachemka, na mimi natafuta kofia. Baadaye wanaume wakakubeba. Sisi wanawake tukabaki uani, tukasikia gari likiondoka, na mimi bado nawaza kofia. Hata kilio chako kiliharibika.

Nilingoja arobaini ipite ndipo nimuulize mjomba Hamisi. Hakuficha. "Bibi yako alinipa mwenyewe. Nilimwambia kuna duka Muhima iko na mashine, wanatafuta mfano mpya. Akasema chukua." Nikauliza, iko wapi? Akasema waliifumua ili wapime, haikurudi. Alisema hivyo huku anajaza maji kwenye ndoo.

Na petali wameiponya, Bibi. Fundi wa mashine alidhani ulisahau. Sasa ua ni zima, zuri, la kijinga, liko kwenye vichwa vya vijana wote wa mtaa. Hilo la mashine ningelimeza. Linalonikaa kooni ni lile neno. Chukua.

Najua ni yeye aliyekupikia uji. Najua ni yeye aliyekubeba mgongoni kushuka zile ngazi kwenda hospitali, na mimi nilikuwa kazini. Najua pia hukuwa na kitu cha kumpa, nawe hukuwahi kupenda kupokea bila kutoa. Ungempa cherehani! Ungempa kitanda! Ua lilikuwa langu, na simu ulikuwa nayo, kila Ijumaa ulinipigia kuniuliza kama nimekula.

Jana nilikwenda Nyamirambo. Nilitaka kuliona ua lenyewe, kuhakikisha kwamba sijalibuni. Mmarakuja haupo. Mjomba ameukata, amemwaga saruji mpya mpaka ukutani ili pikipiki zake zipate pa kukaa. Nyuma ya choo pamekuwa safi kama kaunta ya benki. Nikamwomba mkewe kipande cha mkaa, nikapiga magoti na gauni langu la kazi, nikachora. Lilikuja lote, Bibi. Nyuzi zikaja, petali zikaja, na lile jeraha nalo likaja bila kuitwa.

Mjomba akasimama nyuma yangu. Akaangalia sana. Nikafikiri sasa atasema kitu.

"Hapo umekosea, Mwamini. Hiyo moja imebaki nusu."

Mtoto uliyemzaa mwenyewe, aliyekulia pale uani! Pikipiki zilikuwa zinarudi, akaenda kuchukua maji akamwaga, chwaa, kama wewe kabisa, na hajui hata alichofanya.

Leo asubuhi, kabla ya chai, lilikuwa bado limo kichwani.

Nimechukua kofia ya Juma na wembe. Nimefumua petali moja, taratibu, uzi wa dhahabu ukatoka vipande vipande, nikazungusha ukingo kwa mkono, kwa uzi mweupe, pale kiwavi alipofika. Mshono wangu ni mbaya, ungenifumulisha. Alama za mashine bado zinaonekana kidogo kwenye kitambaa. Nimeziacha. Juma akiuliza ni nani aliyeharibu kofia yake, nitamkalisha nimweleze, kuanzia kwenye utando wa buibui.

Nitamvalisha mwenyewe, kama ulivyosema, na petali yake imeliwa. Hilo nakuahidi. Na nitapanda marakuja hapa Kagarama, karibu na bomba, na viwavi nitawaacha wanywe chai. Kukusamehe bado sijakuahidi.

Mungu akulaze pema, Bibi. Ungenipigia tu uniulize. Ningekwambia mpe.

Mjukuu wako,
Mwamini