Salamu Zisizo na Tusi

Guangzhou, Jumapili baada ya misa

Binamu Herieth,

Huku soko la Zhanxi mvua imelowesha mizigo ya viatu, lakini mimi ni mzima.

Miaka yote ulinisalimu kwa utani wetu: "Wewe kibogoyo, Wachina hawajakuzika tu?" Siku hizi napokea ujumbe laini wa heri na baraka, usio na tusi hata moja. Nilimpigia binti yako Flavia, akasema, "Mama amepumzika, mjomba. Simu yenyewe ndiyo inamtungia ujumbe." Kupumzika gani? Akaniaga haraka.

Simu hiyo haijaniona nikihangaika na muwa. Kama ni kiharusi na mkono wako umekataa, Flavia akushikie simu unitukane kwa mdomo wako, hata kwa neno moja lililopinda. Nitalitambua.

Kibogoyo wako,
Aloyce