Mjane wa Mwana wa Mfalme

Tunduma,
14 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya Ibaba? Viazi mmemaliza kuvuna? Sisi huku ni wazima, cherehani inazunguka, na mjukuu wako Brenda ameota upya meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Kila siku anauliza bibi yake atakuja lini.

Salamu ulizomtuma dada Aida zimenifikia. Unasema mwaka umeisha tangu tumzike mume wangu Luka, na mimi nimekaa kuandika hadithi ya malkia wa Kizungu huku shemeji Yonasi akingoja anirithi. Unasema pia wanawake wa hapa mtaani wananicheka. Waache wacheke, Mama. Wakichoka watanyamaza.

Sikionei aibu kitabu changu. Joshua, dereva wa lori, ananiletea vitabu vya historia vya mitumba kutoka Lusaka, mpaka afisa mmoja wa mpakani akamuuliza kama anasomea upadri. Nimesoma walivyokula wafalme na malkia wale, nani alisimama mfalme akiketi, na kwamba mikono ya magauni yao ilifungwa kwa kamba kila asubuhi. Nilishona mkono mmoja nikauvaa, nijue unavyobana. Bushra, jirani yangu wa duka la vitenge, alicheka mpaka machozi, kisha akaniambia niandike hivyo hivyo.

Kilichonikalisha kitako ni hiki. Miaka mia tano iliyopita, huko Ulaya, binti mfalme akifiwa na mumewe, wakubwa waliweza kumwoza kwa shemeji yake, mradi Papa atoe kibali. Nililia kwa hasira. Nilidhani nimekimbilia mbali, kumbe nimetokea uani kwetu.

Basi binti mfalme wangu wa kubuni naye anafiwa, naye anaambiwa akubali. Anayemwambia ni mama yake. Nisamehe, maneno nimeyachukua kwako: kwamba hata yeye alirithiwa na mdogo wa mumewe, na akazoea. Sikuyapunguza. Nilikulia chumba cha pili, Mama. Nilisikia ulivyozoea.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Aida halijui. Kikao cha ukoo wa Luka, unachodhani ni cha mwezi ujao, kilifanyika Jumamosi. Waliniketisha katikati, wakanipa kikombe cha maji nimpe atakayenirithi. Yonasi alishanyoosha mkono. Nikayanywa yote mwenyewe, nikaweka kikombe chini. Walipouliza kwa nini ninawatukana, nikawajibu kwamba nilikuwa na kiu.

Wamenipa hadi mwisho wa mwezi niondoke kwenye nyumba. Nitaondoka na Brenda, cherehani na kitabu changu, na sitamlilia mtu. Nimeshapata chumba karibu na duka la Bushra. Nimekipima kwa futi yangu ya kushonea, na kitanda chako kinaenea pale dirishani.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na baba mdogo pia, kwa heshima yake. Ukiamua kuja, usimwombe mtu ruhusa. Njoo.

Mwanao akupendaye,
Faith