Picha Nilizofuta kwenye Simu ya Baba

Mutakura, Bujumbura
Jumapili, tarehe 9 Februari

Kaka yangu Anouar,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kigoma, na kile kikohozi ulichokuwa unakilalamikia kiwe kimeondoka. Sisi tupo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anauliza kama bado unakula mara moja kwa siku. Mimi nafundisha bado. Watoto wa darasa la tatu wananikausha koo, lakini ikifika Jumamosi nawakumbuka.

Utashangaa kupata karatasi wakati sote tuna simu. Lakini Kaka, kila nikimtaja Baba unasema mtandao ni mbaya, halafu unakata. Ndiyo maana nimempa barua hii jirani yetu Joëlla, anayekuja huko kununua vitenge, nikamwomba asiondoke mlangoni kwako mpaka uimalize.

Mambo yalianzia kwenye simu ya Baba. Mwezi uliopita ilikataa kupiga picha, ikasema nafasi imejaa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaiunganisha na kompyuta ya sebuleni, picha zihamie huko. Nilijisifu mapema. Waya wa kwanza ulichaji tu, kompyuta ikawa kama haijui kuna simu. Nikaazima waya mwingine, na hapo nikagundua kwamba simu yenyewe ilikuwa inangoja nibonyeze kuruhusu mafaili yapite. Picha zilipoingia, nikaona nifanye kazi ya kudumu: nikaoanisha simu na kompyuta, ili kila kinachoingia huku kionekane na kule bila waya.

Kaka, zilikuwa picha zaidi ya elfu mbili, na karibu zote hazina maana. Pakiti ya sindano. Skrubu. Kibandiko cha chupa ya dawa. Nusu ya uso wa mteja na cherehani yake. Ngazi za mlango wetu. Nikadhani ni kidole cha mzee kinachobonyeza ovyo. Nikakaa asubuhi nzima nikizifuta kwenye kompyuta, nikabakiza za harusi na za Idi. Sikufikiri kwamba vitu vilivyooanishwa, ukifuta huku, vinafutika na kule.

Kesho yake Baba aliniita, akanionyesha simu. Akasema, "Amira, picha zangu zimeenda wapi?" Nilielewa papo hapo nilichofanya. Lakini uso wake ulinitisha, nikamjibu kwamba pengine kompyuta imezila. Akaitikia kwa kichwa tu. Siku tatu hakufungua karakana yake ya cherehani, akasema mgongo unamuuma.

Siku ya nne alifungua, na ikawa aibu. Bi Houda, yule anayeshona magauni ya maharusi, alikuja kuchukua cherehani yake, Baba akampa ya Dévote, mteja mwingine. Houda alifika nayo nyumbani, akarudi analia, maana alikuwa na gauni la kukabidhi siku ile ile mtaa wa Kinindo. Alisema mbele ya watu kwamba Mzee Hamimu amechoka, akapumzike. Miaka arobaini Baba anatengeneza cherehani, na hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Aliketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

Wateja walipoondoka nikafunga mlango, nikakaa chini karibu naye, nikamwuliza ana nini. Akaniambia polepole, "Mama, mi sioni tena muzuri. Huu mwaka wa pili. Nilikuwa naonea ile telefone."

Hapo ndipo akanieleza yote. Kitu kidogo alikuwa anakipiga picha, kisha anakivuta kwa vidole viwili mpaka kinajaa kioo. Ndivyo alivyokuwa anajua namba ya sindano, dawa ya asubuhi na ya jioni, na cherehani ipi ni ya nani. Zile takataka zangu zilikuwa daftari lake lote la kazi.

Nikalia, nikakiri kwamba si kompyuta, ni mimi. Baba akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Nilijua. Tangu lini mashini ikachagua picha za harusi ikaziacha?" Kumbe siku zote nne alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

Nilirudi kwenye kompyuta. Vilivyofutwa huwa vinakaa kwanza kwenye pipa la taka kwa siku kadhaa kabla ya kupotea kabisa, na vyote vilikuwa bado humo. Nikavirudisha, na safari hii nilizitazama picha moja moja, kwa sababu sasa nilijua kila moja ina kazi yake.

Sasa, Kaka, fika hapa taratibu.

Kuna picha sita za siku uliyoondoka. Zimepigwa kituoni. Wewe umetuambia kwamba siku ile Baba alikuja, akasimama mbele ya basi lako, ukamwinulia mkono, akakutazama usoni, kisha akageuka akaenda zake. Ukasema amekukatalia radhi kwa sababu hukutaka kurithi karakana. Mwaka na nusu umeushika moyoni mgeuko ule.

Zile picha sita ni za madirisha ya mabasi. Alikuwa anapiga dirisha, anavuta, anatafuta uso wako, hakupati, anakwenda dirisha jingine. Kwenye ya nne upo. Upo pembeni kabisa, umefifia, mkono juu. Kwenye kioo kidogo cha simu usingeweza kujulikana. Kwenye kompyuta nimekukuza mpaka nikaona ile fulana yako ya mistari.

Nilimwita Baba. Akasogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akaweka kidole juu yako, akasema, "Eeh. Huyu hapa." Nikamwuliza kwa nini hakukuambia kwamba hakukuona, naye alisikia kwa Mama jinsi ulivyoumia. Akasema ungejua haoni ungeshuka kwenye basi, na angekukosesha kazi yako ya Kigoma. Akaona afadhali umkasirikie ukiwa na kazi kuliko umhurumie ukiwa hapa bila kitu.

Tumempeleka kwa daktari. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anatibika. Mama tulipomwambia alimgombeza Baba kwa saa nzima, kisha akamkata kucha. Jicho la kulia litapasuliwa Alhamisi tarehe 20, kabla ya Ramadhani. Bandeji itafunguliwa Ijumaa asubuhi. Baba anaogopa sana ingawa anafanya mzaha. Jana alimwuliza daktari kama akifunguliwa ataona kwanza ukuta au watu. Daktari akacheka, akamwambia ataona atakachowekewa mbele.

Baba akasema, "Basi muniwekee Anouar."

Basi linaondoka Kigoma alfajiri, Kaka. Joëlla anajua saa.

Wasalimie wote. Mama anasema uje na mafuta ya mawese, na mimi nasema uje hata mikono mitupu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Amira